Blauzi Isiyo na Mshono wa Kushoto

Wateja walimwita Bi Vifungo, maana mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyekata na kushona, na yeye akatia vifungo na kuzungushia matundu yake uzi. Nguo ingechakaa ikawa tambara la kudekia, tundu la Bi Vifungo likabaki vilevile.

Lakini ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulimshika ubavu wa kushoto. Malengelenge yakakauka, magamba yakapukutika, maumivu yakagoma kuhama. Nguo ikimgusa tu, pale panawaka kama pamepitishwa pasi. Akawa mtu wa kushinda chumbani kifua wazi, mlango umefungwa, mama mzima mwenye wajukuu.

"Jeshi limeshaondoka," wifi yake alimtania, "wewe mkanda umeung'ang'ania wa nini?"

"Sogea nikuvalishe, wifi, uone unavyobana."

Daktari alimweleza kuwa mishipa ya fahamu imeumia. Mingine hupona polepole, mingine ndiyo basi tena. Akampa vidonge. Vikawa vinamlaza yeye, maumivu yanabaki macho. Aliporudi hospitali akapewa plasta za ganzi, akaambiwa zinaweza kukatwa kufuata mahali panapouma.

Fundi aliposikia neno kukatwa, uso ukamchangamka. Dawa hakuijua, nguo aliijua, naye akaamini kuwa kinachovaliwa kina namna ya kuvuliwa. Alimpima mkewe kwa macho bila kumgusa, akachora ubavu ule kwenye karatasi, akakata plasta ikakaa sawasawa. Kisha akashona blauzi ya kitambaa laini kama maji, upande wa kushoto mzima, hauna mshono hata mmoja.

Asubuhi Bi Vifungo akaivaa, akaenda na mumewe kwenye kibanda chao cha ushonaji. Alikuwa na hamu moja tu, kushika kazi yake tena.

Tundu la kwanza likatoka vizuri, hata akaguna kwa raha. La pili, kila akivuta uzi, kiwiko kikawa kinasukuma kitambaa ubavuni. Moto ukapenya ganzi. Uzi ukaanza kupinda.

"Nilegeze kwapa?" fundi akauliza, pini mdomoni.

"Blauzi haina kosa."

"Basi nipanue kifua kidogo."

"Baba watoto, blauzi haina kosa. Kosa liko kwangu, na hapo mkasi wako haufiki."

Fundi akaendelea kulitazama lile kwapa.

"Labda plasta ukiizoea..."

"Nimeizoea. Tafuta mtu wa vifungo."

Fundi akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini.

"Nimtafute wa namna gani?"

"Mwenye mkono mwepesi. Mzito atakukunjia kitambaa."

Bi Vifungo akaukata uzi kwa meno, akamwachia mumewe lile tundu lililopinda alifumue mwenyewe. Akaibana blauzi kwa vidole viwili, akaivuta mbali na ubavu, akaenda nyumbani kuivua.