Kamba Nyeupe

"Nauliza tena, nani kaifunga hii?" Mkaguzi wa geti la pori la uwindaji alikuwa ameinama juu ya kongoni aliyelala nyuma ya pikapu. Kidole kimoja kilikuwa kimeinua lebo iliyofungwa mguuni kwa kamba nyeupe.

"Huyu," shemeji alisema, kidevu kikimwelekea mchunaji, ndugu wa mkewe. "Mimi napiga risasi, yeye anapasua na kufunga lebo. Shule yenyewe ya kuungaunga, ulitegemea nini?"

Mchunaji aliitazama lebo. Asubuhi, kongoni alipodondoka, alimwambia shemeji yake, mume wa dada yake: lebo hufungwa palepale mnyama alipoangukia, kabla hajavutwa hata mguu. Akajibiwa afunge mdomo, afungue tumbo. Shemeji alikuwa na hesabu yake: geti likikutwa halina mtu, lebo ingebaki mfukoni, na kesho ingempitisha kongoni wa pili. Walipokaribia wakamwona mkaguzi kwa mbali. Shemeji akasimamisha gari nyuma ya kichaka, akaifunga lebo haraka kwa mkono wake mwenyewe.

"Damu imekaukia kwenye manyoya, kamba imekuja juu yake," mkaguzi alisema. "Hii imefungwa njiani. Nyama inabaki hapa, na kibali cha aliyefunga nakichukua. Miaka mitatu."

Shemeji akamsogelea mchunaji sikioni. "Kubali. Changu kinalisha watoto wa dada yako. Chako kina kazi gani? Unakula kwangu, unalala kwangu, usinitie kichefuchefu."

Kibali cha kuchuna ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina la mchunaji. Alikihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kopo, panya wasikifikie.

Akaiweka mikono yake juu ya ubavu wa pikapu.

"Afande, niangalie."

Damu ilikuwa imeganda hadi kwenye viwiko, bado ikinata vidoleni, nyeusi chini ya kucha. Tangu asubuhi hawakupita penye maji.

"Ningeishika mimi, ingebaki nyeupe hivyo?"

Mkaguzi akaitazama kamba. Akaitazama mikono ile. Kisha akaitazama ya shemeji, misafi, mmoja umeshika ufunguo wa gari.

"Bosi, lete kibali."

Shemeji alikitoa. Kongoni akashushwa. Shemeji akaufungua mlango wa gari.

"Nimefuga nyoka ndani ya nyumba," shemeji alisema. Akautupa mkoba wa visu barabarani, akaondoka peke yake, vumbi likawafunika mchunaji na mkaguzi.

Mchunaji alikuwa bado anaokota visu simu ilipoita. Dada.

"Shemeji yako kanipigia," dada alisema. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kigoda. "Nilishabandika sufuria ya nyama."

"Dada, nisikilize..."

Dada hakukata simu. Mchunaji alisikia mfuniko ukiwekwa chini, kisha maji yakimwagwa nje, taratibu, mpaka tone la mwisho.