Mchanganyiko wa Shamba la Mbali

"Rudi pale kwa wagonjwa," alisema Emérita, na mikono yake haikuacha kutembea juu ya maharage.

Binti yake Fifi alikuwa ameketi kizingitini, karatasi juu ya magoti, miguu nje, ambako mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa ilikuwa imegeuza vumbi kuwa tope jeusi. Akasoma tena, akiyatoa maneno katika Kifaransa na kuyaweka katika Kiswahili polepole.

"'Tangu utoto wangu nilipenda kuhudumia wagonjwa, njo maana nimechagua masomo ya mbegu.'"

Emérita alicheka hadi ungo ukacheza mapajani. "Maharagi yetu iko na homa, na mimi sikujua?"

"Mama, usicheke. Hii barua njo ilifanya wakaninyima viza."

Barua hiyo ilikuwa kazi ya Prince, mwenye mashine ya kuchapa sokoni Nyabiondo. Prince alikuwa na barua moja tu ndani ya kompyuta yake. Zamani alimwandikia msichana wa unesi, msichana akapata viza, na tangu siku hiyo kila aliyetaka kwenda kusoma Ulaya alipewa barua ile ile, imebadilishwa jina na masomo. Kwa Fifi alibadilisha jina, akabadilisha masomo, akawasahau wagonjwa. Chuo cha kilimo cha Ubelgiji kilikuwa kimeshamkubali na kuahidi kumlipia masomo. Lakini ambasade, ubalozi wao kule Kinshasa, ilijibu kwa mistari miwili: haionekani kwa nini mwombaji anataka kusoma jambo hili. Mistari miwili tu, kwa msichana aliyekwenda shule kwa miguu miaka kumi na miwili, na kila jioni akapitia shambani kabla ya kufika nyumbani.

Chuo kilikubali kumsubiri hadi mwisho wa mwezi wa kumi. Ambasade ikampa siku nyingine: Alhamisi, Kinshasa, mbele ya dirisha, uso kwa uso. Leo ilikuwa Jumatatu. Kesho asubuhi Bienvenu, mwenye pikipiki, angekuja kumpeleka hadi kwenye ndege. Nafasi ya tatu haikuwepo.

"Ile mupya umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma basi."

Fifi akafunua karatasi nyingine, iliyoandikwa kwa mkono wake. Akasoma juu ya milima, juu ya mvua zilizobadilika, juu ya watoto wanaolala na njaa. Sauti yake ilikuwa nzuri, ile ya kusoma masomo kanisani. Kisha ikakwama mahali, kama jembe likigonga jiwe, ikaruka, ikaendelea chini.

Emérita aliacha shule mwaka wa pili, lakini mtu anayeruka kitu alimjua.

"Umeruka."

"Hapana, Mama."

"Fifi."

Fifi aliinamisha kichwa. "'Mama yangu, sawa wakulima wote wa kwetu, anachanganya mbegu kwa sababu hajui kuzichagua. Nitarudi kumufundisha.'"

Kuku alipita mlangoni, akadonoa harage moja lililoanguka, akaenda zake. Emérita alitazama mikono yake.

"Profesere wa shule njo walikuwa wanatufundisha vile," Fifi alisema kwa sauti ndogo. "Mbegu moja, shamba moja. Niliona itawapendeza."

"Na pale kwa dirisha watakuuliza nini?"

"Watashika hii barua, waniulize: kwa nini?"

"Utajibu nini?"

Fifi alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua. "Sijui, Mama. Hapo njo nashindwa."

Kwa muda wa pumzi moja, wazo lilimpitia Emérita, na lilikuwa wazo tamu. Anyamaze tu. Barua ikataliwe tena. Fifi arudi, waingie shambani wawili kama kila mwaka, mmoja akichimba, mwingine akidondosha mbegu, na jioni kuwe na mtu wa kumuuliza kama chumvi imetosha. Tangu mumewe afariki, nyumba hii ilikuwa na sauti mbili tu. Hakuwa na haja ya kufanya lolote. Kunyamaza peke yake kungetosha.

Akaweka ungo chini.

"Leta vikapo vyote."

Fifi alivileta, vikapu saba, kila kimoja na harage lake: jeusi, jekundu, la njano, jeupe dogo, la madoa kama yai la ndege, la zambarau, na lile la kijivu ambalo hakuna aliyelipenda kwa kula. Emérita alivuta mabeseni mawili matupu.

"Shamba ya kule juu kwa ukungu. Nyeusi mikono ngapi?"

"Sijui."

"Umepanda pale tangu uko mutoto."

"Mama njo ulikuwa unatia. Mimi nilikuwa napanda tu."

"Mikono tano." Konzi tano nyeusi zilianguka ndani ya beseni, bila haraka. "Nyeusi haiozi mizizi, hata mvua ikikaa wiki mbili. Ya njano mukono moja, inakomaa mbele ya zingine, unakula ukingoja. Nyekundu mbili, ni ya soko. Kijivu moja."

"Kijivu ya nini? Haina hata utamu."

"Jua ikichoma kila kitu, kijivu inabakia." Akavuta beseni la pili. "Kule chini kwa muto, unageuza. Nyeusi moja. Nyekundu ine."

Fifi alisogea karibu na beseni.

"Unakumbuka mwaka tulikimbia vita?" Emérita aliuliza. "Tuliporudi, ghala ilikuwa tupu. Walitupatia mifuko ya msaada, nyeupe yote, nzuri, zinafanana sawa meno. Tukapanda nyeupe kila pahali. Mvua ikakaa."

"Ilioza kwa wiki moja," Fifi alisema. "Nilikuwa na miaka saba. Tulikula majani ya boga."

"Majani ya boga mpaka Noeli. Kisha nikaenda kuomba mbegu. Hii nyeusi ni ya Libérata wa Kalembe, alinipatia mukono moja tu, nikaibeba ndani ya kitambaa ya kichwa. Ya madoa ilitoka Burungu. Kijivu ni ya nyanya yako, alikuwa ameficha ndani ya chungu. Misimu sita, Fifi, ndipo beseni ikajaa tena."

"Nani alikufundisha hesabu ya mikono?"

"Nani atafundisha? Nilikuwa naangalia mukono ya mama yangu."

Fifi alipapasa pembeni, akapata kalamu. Akageuza barua upande wa nyuma.

"Anza tena kule juu. Nyeusi tano?"

"Tano. Kama udongo umechoka, sita."

"Unajuaje umechoka?"

Emérita alimtazama mtoto wake kama mtu aliyeulizwa anajuaje kama maji yamechemka. Kisha akamjibu. Akamjibu hilo, na lililofuata, na lililofuata tena, hadi kivuli cha nyumba kikafika kwenye mgomba, na Fifi, barua ikiwa imeandikwa upya, akatoka mbio kumwahi Prince aichape kabla jua halijaiacha paneli yake ya umeme.

Alirudi na karatasi ndani ya plastiki, uso wote unacheka.

"Prince amesema barua gani haina 'tangu utoto wangu'. Akauliza kama hata wagonjwa nimetoa."

"Ukamujibu nini?"

"Nikamuambia wagonjwa wamebaki. Ni ile maharagi nyeupe iliyooza."

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala chini barabarani. Bienvenu alifunga begi kwa mpira nyuma ya pikipiki, akajaribu fundo mara mbili.

"Mama Emérita, usiogope, nitaendesha sawa nabeba mayai."

"Mayai yangu ni hii moja tu. Ukivunja, usirudi Nyabiondo."

Fifi alimkumbatia mama yake. Alinukia sabuni na moshi wa jiko lao. Emérita alimshika mabega, akauliza jambo lililomzunguka usiku mzima.

"Kule, udongo iko namna gani?"

"Kule Ulaya? Baridi, Mama. Mvua nyingi."

"Jua?"

"Kidogo. Lakini mbegu hawaruhusu kubeba, watatupa kwa—"

"Sijasema ubebe. Nimeuliza tu."

Pikipiki ikashuka. Ikapotea kwenye kona, ikasikika tena ng'ambo ya bonde, ikipanda.

Emérita alirudi ndani. Mabeseni mawili yalikuwa tayari, moja la shamba la juu, moja la mtoni, na kazi ilikuwa inangoja. Lakini alichukua bakuli dogo, lile la Fifi la uji, akaketi nalo mbele ya vikapu, kuchanganya mbegu za udongo wa kule, ingawa hakuna ambaye angezibeba. Baridi, mvua nyingi. Akatia nyeusi, konzi sita. Jua kidogo: akatia ya njano, inayokomaa upesi. Akafikiri: kule jua halichomi, lakini kijivu ndiyo inayobakia mengine yote yakishindwa. Kisha mkono wake ukaingia kwenye kikapu cha kijivu, ukatoka umejaa, ukasimama juu ya bakuli, umefungwa, naye akitega sikio kwenye ule mlio wa pikipiki uliokuwa ukipungua mlimani.