Ndege Huongozwa kwa Miguu

Usiku wa kuamkia leo niliota niko peke yangu ndani ya ndege yetu ndogo ya mafunzo, naitembeza ardhini kufuata mstari wa njano. Kapteni Mwaipaja, mwalimu wangu, alishanionya: usukani ni wa angani, chini ndege huongozwa kwa miguu, kwa kukanyaga pedeli. Nikigonga kitu chochote, hata jani, siruki peke yangu. Nitaruka naye mpaka tuzeeke wote wawili.

Mstari ukakata kushoto. Mimi nimeendesha pikapu ya nyanya miaka mingi, kwa hiyo nikazungusha usukani kushoto kwa ufundi wangu wote. Ndege ikaenda mbele vilevile, ikavunja uzio, ikagota kwenye meza ya nyanya sokoni. Ncha ya bawa ikapinda. Niliona aibu, hasa kwa kuwa zilikuwa nyanya nzuri.

"Umemaliza?" ndege ikauliza.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nikiwa chini, naongozwa kwa mikono au kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Basi shuka."

Nashuka. Navua viatu, nafunga kamba kwenye gurudumu la mbele, naivuta kama mbuzi. Rangi ya mstari haijakauka, inateleza. Mnara wa kuongozea ndege uko kwenye foleni ya vitunguu. Nauomba ruhusa ya kupita, unasema umeshatoka kazini.

Mara tuko sebuleni kwa Kapteni. Anakula ugali. Ananyanyua miguu ili gurudumu lipite, mkewe anasogeza jagi. Bawa limebakiza kidole kimoja tu kufikia kabati la vyombo.

"Kulia kidogo, Sekela," anasema Kapteni, huku anatafuna.

Nakanyaga zulia kwa mguu wa kulia. Ndege inageuka, vyombo vinapona. Bawa linajinyoosha lenyewe taratibu, kama mtu aliyechoka kununa.

Nikaamka. Dada yangu Atupele, ninayelala naye kitanda kimoja, alikuwa amekaa ukingoni amefura. Alisema nimemkanyaga usiku kucha, kulia, kushoto, kulia. Nilicheka sana, mpaka nilipoziona nyayo zangu. Zilikuwa za njano.

Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Ni Kapteni: "Leo unaruka peke yako. Jioni uje ufue zulia."