Mikono ya Mama Vifungo

"Umeninasa tena, mshenzi wewe!"

Aliyetukanwa hakuwa mtu. Kilikuwa kitambaa cha satini, cheupe, kilichomwagika kutoka meza ya kushonea hadi kwenye shuka safi iliyotandikwa sakafuni. Uzi mmoja ulikuwa umechomoka karibu na mshono, umenasa kwenye kidole gumba cha Mama Vifungo, pale ngozi ilipopasuka. Aliunasua kwa ncha ya sindano huku ameuma meno, akaupenyeza upande wa nyuma usionekane.

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo kwa sababu hakuna aliyejua kuvalisha vifungo kitambaa kama yeye. Lakini baridi ikiingia tu, mikono yake humgeuka. Huanza kupauka, kisha hukakamaa, halafu vidole hupasuka, na kila mpasuko huota kingo ngumu zinazodaka chochote kinachopita. Miaka mingine alijua kujipanga: miezi ya baridi alishona mapazia na sare za shule, vitambaa vigumu visivyojua kudeka. Mwaka huu binti yake wa pekee alikuwa ameamua kuolewa katikati ya baridi, kana kwamba mwaka hauna miezi mingine.

Na kitanzi alijitia mwenyewe. Binti alitaka kukodi gauni dukani. "Utahangaika bure, mama, na hiyo mikono yako," alisema. Maneno yale yalimchoma. Si mikono hiyo hiyo iliyomshonea kila nguo tangu yuko kwenye nepi? Akaapa mbele ya mawifi zake kwamba mwanawe ataingia ukumbini na gauni lililoshonwa nyumbani, la sivyo asiitwe fundi tena. Mawifi wakatabasamu. Harusi ilikuwa kesho, na safu nzima ya vifungo vya mgongoni ilikuwa bado.

Ushauri aliupata wa kumwaga. Jirani alimwambia glisirini. Wifi mkubwa alimwambia mafuta ya nazi, tena ya moto. Muuza duka alimsifia losheni ya chupa ndefu. "Nijipake, halafu nishone kwa miguu?" aliwajibu. Mafuta na satini havikai pamoja, tone dogo tu huenea. Kwa hofu hiyo alinawa kila alipotaka kushika kitambaa, kwa sabuni ya kipande na maji ya moto yanayotoa mvuke. Alijua kabisa kwamba maji yale yanazidi kumkausha. Akaendelea kunawa.

Asubuhi hii, hata hivyo, mkasi uliingia vidoleni bila kumuuma, na akafikiri labda baridi imemwonea huruma. Alikata nyuzi zilizobaki pindoni, akauweka kando, akalaza kiganja kifuani mwa gauni kunyoosha mkunjo. Alipouinua mkono, aliona alichoacha.

Doa. La kijivu, linalong'aa, la ukubwa wa kidole gumba.

Alitazama viganja vyake, akatazama mkasi. Ndani ya matundu ya kushikia palikuwa pamepakwa mafuta ya mgando. Aliyanusa. Yalitoka kwenye lile kopo la mumewe la kupaka visigino.

"Bwana wee! Njoo hapa!"

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Kwake yeye dunia ina matatizo mawili tu: kilicholegea kikazwe, na kinacholia kitiwe grisi. Aliingia kutoka barazani akijifuta mikono kwa tambara.

"Umefanya nini kwenye mkasi wangu?"

"Imesaidia?" aliuliza, uso umemchanua.

"Nakuuliza umefanya nini!"

"Nimepaka kidogo tu. Unalalama usingizini ukikunja vidole, mke wangu. Ukiambiwa ujipake hutaki. Nikasema basi, yatakuingia bila wewe kujua."

"Yameniingia! Na gauni yameliingia! Mimi mnyororo wa baiskeli?"

Aliliona doa. "Nikuletee petroli kidogo? Huwa inatoa..."

"Ukiingia na petroli humu, harusi itageuka msiba. Toka!"

Alitoka. Mama Vifungo alilia kwa hasira, na hata machozi yalipodondokea vidoleni yaliwasha. Alisaga chaki yake ya kupimia, akainyunyizia doa inyonye mafuta, akapangusa kwa brashi, akanyunyiza tena. Doa lilififia, lakini likagoma kuondoka. Akaenda kwenye beseni kusugua mafuta yaliyobaki mikononi. Alisugua kama anasugua sufuria iliyoungua, mpaka gumba likapasuka upya na damu ikachirizika kwenye povu.

Mafuta hunyonywa na chaki. Damu kwenye satini nyeupe alijua haina dawa. Akakaa kwenye kigoda, mikono ameinyoosha mbali na kila kitu.

Binti alimkuta hivyo alipokuja kulijaribu gauni. Aliona damu, akaona vifungo vimelala sahanini, havijashonwa. Mama alisubiri lile neno, "si nilikwambia". Alikuwa na jibu lake kali kabisa, ameliweka tayari.

"Baba, lete kopo lako," binti akasema.

Alipiga magoti, akamkausha mama kwa kitambaa laini, pole pole, bila kusugua. Akampaka mafuta kidole kimoja kimoja, akafunga gumba kwa bandeji, kisha akamvisha mikononi soksi nene za baba yake.

"Ukae nazo mpaka kesho."

"Na vifungo?"

"Nitashona mimi."

"Wewe? Wewe uliyeshona soksi ukaziba mdomo wake?"

"Nilikuwa darasa la pili, mama."

"Kanawe kwanza. Maji ya vuguvugu, si ya moto," mama akasema, na mwenyewe akajishangaa.

Mchana ulipita kwa amri. "Usivute! Unashona satini, hufungi gunia. Kaza. Nimesema kaza, sikusema nyonga." Binti alijichoma, akaguna, akaendelea. Mama hakuwa na la kufanya ila kutazama, mikono imelala mapajani mwake kama paka wawili.

"Na hili doa?"

"Muulize baba yako."

Barazani baba alikohoa, akaanza kupampu tairi ambalo tayari lilikuwa limejaa.

Binti alilitazama doa. Akaweka gumba lake juu yake, likalifunika sawasawa. "Nitashika maua hapa," alisema.

Kifungo cha mwisho kilikaa upande. Kidogo tu, lakini mama alikiona kutoka alipokaa. Soksi ya kulia iliinuka.

"Nifumue?"

Soksi ilibaki hewani, kisha ikarudi mapajani.

"Vaa nikuone."

Binti alivaa, akageuka, akasimama akimpa mgongo ulio wazi, vifungo vyote vikingoja kufungwa. Mama alijaribu. Soksi iliteleza kwenye kifungo cha kwanza, ikateleza tena.

"Mwite baba yako," akasema mwishowe. "Na anawe mpaka kwenye viwiko."

Hapakuwa na haja ya kuita. Nje sauti ya pampu ilikoma, na maji yakaanza kumiminika kwenye beseni.