Pointi za Mke Wangu

Kabla sijamuoa Chepchirchir, alikuwa na pointi za kutosha kwenda kuwa nesi ng'ambo, jambo alilolitamani tangu chuoni. Nchi aliyoitaka ilikuwa imebadilisha sheria za kupokea wageni. Siku hizi wanakupima umri, masomo, Kiingereza na kazi uliyofanya. Ukifika kiwango unaitwa. Usipofika, endelea kungoja.

Baba yake, Mzee Kipyegon, hakuzijua habari hizo wala hakutaka kuzijua. Alichojua ni kwamba wasichana wa hapa kwetu Merigi walienda huko wakapotea.

"Huyu hatoki hapa kama hajaolewa," alisema. "Akiwa na boma yake atarudi."

Basi wazee wakakaa koito, kikao cha posa, haraka haraka, wakaelewana juu ya mahari, tukafungana nyasi mikononi kama mila inavyotaka, na kanisani tukapewa cheti. Mimi nilikuwa mchumba wa siku nyingi, sikulalamika. Nani angelalamika?

Kumbe ukiolewa, mume naye anapimwa. Mimi nilikomea kidato cha nne, na kazi yangu ni kuchuma majani chai na kukamua ng'ombe. Chepchirchir alipojaza fomu upya kwenye simu, pointi zikashuka chini ya kiwango. Kudanganya kwamba hajaolewa alikataa, maana uongo ukijulikana wanakufungia mlango maisha yako yote. Jioni hiyo hakuniangalia.

Nilienda Kericho kufanya mtihani wa Kiingereza ili nimwongezee pointi, nimevaa koti la harusi kama mjinga. Niliambiwa nieleze safari niliyoipenda, nikaeleza jinsi nilivyoswaga mtamba wetu kwa miguu kutoka Longisa. Mama aliyenihoji alicheka vizuri sana, lakini matokeo yalipotoka hayakuwa ya kuchekesha.

Nikamwendea baba mkwe.

"Baba, tutenganishe kwa muda tu. Aende, halafu turudiane."

Alinitazama kwa huruma iliyonikera. "Kipkosgei, nyasi ikishafungwa haifunguliwi. Hata mimi niliyewafunga siwezi."

Nilikasirika kwa sababu nilijua ni kweli. Huko hawanitaki, hapa hawaniachi, na katikati yupo mke wangu anayeamka kila siku akiwa mpole kuliko jana. Afadhali angenitukana.

Juzi alitimiza miaka thelathini, na kumbe kuanzia hapo pointi za umri zinaanza kupungua. Nilimkuta jikoni asubuhi, simu mkononi.

"Wamenipunguzia za umri," alisema. "Sasa hata kama ungekuwa umekufa, hazingefika."

Hakusema kwa hasira. Aliiweka simu chini, akachukua birika, akaanza kunimiminia chai. Nami moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu harusi, kwa kuwa sasa kosa halikuwa langu peke yangu. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kabla sijamhurumia. Nilipoinua macho, Chepchirchir alikuwa ameacha kumimina, ananitazama usoni.