Marehemu wa Kwenye Insha

...marehemu, amesema marehemu, wala hakushusha sauti, amelitamka kama mtu anayependekeza rangi ya pazia, “tukimwandika babu kama marehemu, Mama Tongtong, hadithi inafunga vizuri zaidi,” na kalamu yake ikachora duara jeusi kwenye ubao mweupe, mwishoni mwa mshale, kana kwamba mzee ameshazikwa humo, na Ruotong, huyo Tongtong mwenyewe, aliyekuwa amenyanyua kikombe cha karatasi kuelekea mdomoni akabaki nacho hewani, mvuke wa maji ya moto unampiga puani, hakunywa wala hakukiteremsha, kwa sababu babu yake asubuhi hii hii amekula bakuli zima la uji na yai la chumvi na akamtukana mtangazaji wa redio, huyo ndiye marehemu, na sasa wanasubiri, wote wawili wanamsubiri yeye aseme ndiyo, Mwalimu Fei kasimama kando ya ubao na tabasamu lake la mapokezi, mama kakaa ubavuni kwake, mkoba magotini, na mama ametikisa kichwa kukubali... ametikisa, Ruotong ameona kwa macho yake, mara moja, kidogo, kama mtu anayefukuza nzi, lakini ametikisa, na huyo anayeuawa pale ubaoni ni baba yake mzazi.

Mwalimu Fei, mwalimu wa nini, hajawahi kusimama mbele ya darasa hata siku moja, ni mtu wa ofisi hii ya ushauri wa masomo ya ng'ambo, juu ya duka la viatu, lakini ukivaa miwani na ukawa na kitu ambacho mzazi anakitaka kwa ajili ya mwanawe basi umeshakuwa mwalimu, na Fei anacho, ameishi Marekani, anajua wanavyofikiri kule, ndivyo anavyosema, wanavyofikiri kule, utadhani kule ni chumba kimoja na watu wake wote wanagawana kichwa, na tangu walipoketi amekuwa akieleza, kwamba kule hakuna mtihani mmoja unaofungua mlango, alama ni mwanzo tu, kuna watu wanaozunguka meza na kusoma maisha yako, shughuli zako, walimu wako wanakusemaje, na juu ya yote ile insha ya kujieleza, maana wale, amesema, wanamtaka mtu kamili, na mama akarudia polepole, mtu kamili, kama anayejifunza jina la dawa ili asikosee dukani... mtu kamili, basi na nani aliyemkata vipande, hilo mbona hawaulizi, aliposoma shule ya msingi alikuwa akicheza ngoma za jukwaani, akatolewa kwa sababu ya hesabu, akapenda mpira wa wavu, mwalimu wa darasa akampigia mama simu kwamba mtoto anarudi na jasho na usingizi, mpira ukaisha, akaanza kuandika vihadithi vyake nyuma ya daftari la kemia, kurasa zikachanwa mbele ya darasa, weka kichwa chini Xiong Ruotong, funga mlango usome Tongtong, usiangalie dirishani, utaishi ukishamaliza mtihani mkuu wa kuingia chuo, na yeye akatii, akaweka kichwa chini mpaka shingo ikazoea, na leo mtu mwenye miwani anamuuliza kwa upole una mapenzi gani, umeongoza nini, kitu gani kinakuwasha moyoni, eti avitoe mfukoni kama funguo, vile vile walivyomnyang'anya wao kimoja kimoja.

“...na mwisho wenye kifo hauna maana ya huzuni tu,” Fei anamwambia mama, “una maana ya kukua, Mama Tongtong, msomaji anaona mtoto amekua,” na mama anasema mm, mm... na kosa ni lake mwenyewe, Ruotong, nani alimtuma aseme kweli, ameulizwa Jumapili unafanya nini, angejibu piano kama wanavyojibu wengine, akajibu namwogesha babu, basi, uso wa Fei ukafunguka kama duka, akavuta kiti, unamwogesha vipi, anaumwa nini, anakukumbuka, na yeye mjinga akaeleza, hakuwahi kuulizwa na mtu, akaeleza kwamba babu yake, kwa jina Tu, alikuwa kondakta wa basi ujana wake wote, na sasa amesahau karibu kila kitu, amesahau kwamba bibi alifariki, amesahau jina la Ruotong, lakini vituo vya njia yake anavyo vyote, kwa mpangilio, Uwanja wa Bayi, hospitali, Mnara wa Shengjin, soko la samaki ambalo lilishavunjwa zamani, anavitangaza mezani, anavitangaza chooni, na kuoga alikuwa hataki, anashika mlango, anapiga mateke, mama analia, mpaka siku moja Ruotong alichoka akasema tu, kondakta, nashuka soko la samaki, na mzee akanyamaza, akamtazama kwa ile heshima ya kazini, akasema subiri basi lisimame, kisha akanyanyua mguu mwenyewe, taratibu, akaingia kwenye beseni... na tangu siku hiyo kila Jumapili wanasafiri, akisema kituo ambacho hakipo mzee anakasirika, akivuruga mpangilio mzee anamrekebisha, akisema kituo sahihi mguu unanyanyuka, kila mara, na hicho ndicho kinachomkosesha usingizi, wala si huzuni, huzuni ipo ila ni ya kawaida kama ya watu wote, kinachomsumbua ni hivi, vituo vimekaa wapi humo kichwani, kwa nini jina la mjukuu limefutika na soko la samaki limebaki, kwa nini neno likiingia sikioni mguu unatii wakati yeye mwenyewe hajui yuko wapi, na alimuuliza Mwalimu Leng wa baiolojia, alisimama darasani akauliza, na Mwalimu Leng akafunga kitabu kidogo kwa kidole ndani akasema swali zuri, haliko kwenye mtihani, keti, darasa zima likacheka, akaketi.

Na huyu Fei amelichukua jambo hilo hilo, amelipokea kwa mikono miwili, akalipeleka ubaoni, na kadiri anavyoandika ndivyo linavyozidi kutofanana na lilivyokuwa, kwanza likawa kikundi, eti Ruotong ameanzisha kikundi cha vijana wanaowatunza wazee waliosahau, kisha kikundi kikaenea wilaya nyingine, kisha kukawa na picha zitakazopigwa, ofisi itapanga, makao ya wazee yapo yanayokubali, mavazi ya rangi moja, na yeye mbele, kiongozi, kisha mshale, kisha babu anakufa na yeye anakua... wamezoea, wamemfanyia hivi Wan Jiaqi wa darasa la jirani, Jiaqi aliyejenga maktaba ya watoto wa milimani, shule nzima inajua maktaba hiyo, Jiaqi alifika pale mchana mmoja, akapiga picha akiwa amebeba maboksi, nusu ya yale maboksi yalikuwa matupu, mwenyewe alisimulia akicheka kantini, mdomo umejaa tambi, “we Ruotong usiwe mshamba, wale wanataka kulia kidogo, wape walie,” na ameshapata nafasi, mwezi wa nane anaondoka, na wote walimpongeza, Ruotong pia alimpongeza, na usiku ule alijiuliza hao wa kule ni watu gani, wanaokaa kuzunguka meza wakingoja watoto wa watu wawaletee misiba, mtihani mkuu wa hapa ni mkatili, unakuamsha kabla ya jua na unakunyoosha kama chuma, lakini angalau haumuulizi mtu habari za babu yake, unamhesabia alama na unamwacha na wafu wake na wazima wake, mtoto wa tajiri na wa muuza mboga swali ni lile lile, na hawa wa kule wenye miti ya majani mekundu kwenye vipeperushi vya vyuo vyao, hawa wanataka nini, wanataka apasuliwe kama tikiti wamwone kama ameiva...

“Tongtong,” mama amesema, taratibu, bila kumgeukia, “Mwalimu anakungoja,” na Fei ameinua mkono kwamba hakuna haraka, mwache afikiri, ni jambo zito, ana adabu Fei, hata kuua anaua kwa adabu... wanataka nini, lakini yeye mbona alitaka kwenda kwao, hakulazimishwa, mama alitaka baadaye, wa kwanza kutaka alikuwa yeye, na alitaka kwa sababu ya yule mzee kwenye video, somo lililorekodiwa kwenye chuo fulani cha kule, profesa mwenye sweta lililotoboka kiwikoni, anafundisha habari za ubongo, na mwanafunzi mmoja kakaa nyuma kabisa akauliza kitu, hakusimama hata, aliuliza na kofia kichwani, na profesa akakuna shingo, akasema sijui, akacheka, akasema sidhani kama kuna anayejua, akaugeukia ubao akaliandika lile swali kwa herufi kubwa, katikati, akafuta fomula zake mwenyewe ili lipate nafasi, na saa nzima iliyobaki ikawa ya swali lile, wanafunzi wanarushiana maneno, mmoja anamwambia profesa nadhani umekosea, na mbingu hazikuanguka... Ruotong aliirudia video ile mpaka mama akadhani ni tamthilia, Kiingereza chake hakikutosha, alisimamisha, akatafuta neno, akaendelea, lakini lile sijui alilielewa mara ya kwanza, hajawahi kumsikia mwalimu akisema sijui, hajui kama midomo ya Mwalimu Leng inaweza kulitengeneza neno hilo, na akajisemea nataka kuwa pale, si kwa majani mekundu, si kwa jina la chuo ambalo mama atalisema kwenye lifti ili majirani wasikie, nataka kukaa nyuma kabisa nikamuulize mzee yule kuhusu soko la samaki.

Na njia ya kufika mahali ambapo mtu mzima anathubutu kusema sijui ndiyo hii, kudanganya kwamba babu amekufa... hasira imempanda sasa mpaka masikioni, anaisikia, kikombe kinamchoma vidole naye anakishikilia, afadhali kimchome, lakini ngoja, ngoja kwanza, nani amesema wale wanataka kifo, swali lenyewe la insha alilisoma, Fei alilipitia haraka mwanzoni kama mtu anayeruka dimbwi, swali linasema tuambie jambo unaloliwaza hata pale ambapo hakuna anayekulazimisha uliwaze, basi, limeishia hapo, hakuna msiba ndani yake, hakuna kikundi, hakuna mavazi ya rangi moja, na yeye analo, mbona analo, amekuwa nalo kila Jumapili kwenye bafu lenye ukungu, mguu wa mzee ukinyanyuka, ni swali la kwanza katika maisha yake ambalo jibu lake yeye mwenyewe ndiye anayelijua, na hawa watu wawili wameketi naye hapa mchana kutwa wakimtafutia jibu, na pengine wale wa kule hawatalipenda, pengine Jiaqi alisema kweli na wanataka kulia, hajui, hawezi kujua, Fei naye hajui, hilo ndilo jambo, Fei hajui, anajua tu kilichompitisha mtoto aliyemtangulia, na amelivalisha hilo suti na miwani akaliita wanavyofikiri kule, mtu huyu angesema sijui hata mara moja Ruotong angemheshimu, na pengine wamo wengi kule walio kama Fei, na pengine yule wa sweta ni mmoja tu, lakini mmoja yupo, amemwona.

Na mama... anataka kumkasirikia mama, amemwekea hasira kubwa kuliko zote, mwanamke aliyetikisa kichwa baba yake alipouawa, anamgeukia ili amtazame kwa hasira hiyo, na anaona mama hatazami ubao, wala hamtazami Fei, anatazama zipu ya mkoba wake, anaifungua kidogo, anaifunga, na Ruotong anakumbuka jambo ambalo hakuwahi kulipanga vizuri, kwamba yeye mwenyewe babu anamwita abiria, dada abiria, mjukuu hayupo lakini abiria yupo, wanaelewana, ila mama hana kituo, mama ndiye anayemlisha, anamfulia, anamkatia kucha, na mzee akimwona anauliza huyu mama ni nani, mwambieni hapa si mahali pa kusimama, kila siku, kila siku mama anajibu ni mimi baba, ni Xiaoling, na mzee anasema Xiaoling yuko shule... kwa hiyo kile kichwa kilichotikisika hakikumkubali Fei, au kilimkubali kwa sababu nyingine, pengine mtu mzima huyu kaketi hapa kachoka, kasikia neno marehemu likitamkwa waziwazi na mgeni, na kitu ndani yake kikasema ee, ndivyo ilivyo, hatimaye kuna mtu amelisema, na hakuna aliyewahi kumuuliza mama yeye anawaza nini pale ambapo hakuna anayemlazimisha, wala binti yake hakuwahi, Jumapili zote zile akitoka bafuni na ushindi wake, Mama, amenyanyua mguu tena, na mama mlangoni na taulo anasema vizuri, vizuri mwanangu, mkaushe mgongo... hasira haikuisha, ila imepungukiwa na mama, imemwondoa mama ndani yake, na iliyobaki imekuwa safi zaidi, imetulia, anajua sasa ni ya nani na ni ya nini, na insha ataiandika mwenyewe, kwa Kiingereza chake kibovu, na mwishoni hataandika kwamba amekua, ataandika kwamba hajui.

“Kwa hiyo,” Mwalimu Fei anasema, kwa kile Kichina chake safi cha watu wa kaskazini, kifuniko cha kalamu mdomoni, “babu tumekubaliana?” na duara lipo ubaoni, mvuke bado unatoka kwenye kikombe, na Ruotong akamwinamia mama, akasema kwa lugha ya nyumbani, ile ya mji wao wa Nanchang inayozungumzwa jikoni na ambayo Fei haielewi hata kidogo, “Mama, Babu hajafa. Hata kwako hajafa. Twende, nitakufundisha vituo,” na mkono wa mama ukaacha zipu, na Fei, ambaye hakuambulia neno, akaendelea kutabasamu na kungoja.