Mizani Juu ya Meza ya Chakula

Kijiko kiligonga kikombe mara tatu, nikajua Rāwiri yuko jikoni. Nje bado giza. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na kila Jumanne huamka kabla yangu, kwa kuwa Jumanne ndiyo siku yangu ya kusikiliza watu. Anasema mtu hawezi kusikiliza vizuri kabla ya chai. Sijawahi kumbishia.

Kazi yangu hapa Ōpōtiki, mji wetu mdogo wa pwani, ni kuwasimamia wauguzi wanaotembelea watoto wachanga majumbani. Kila baada ya wiki mbili, muuguzi mmoja mmoja huja kukaa nami saa nzima. Tunafunga mlango, tunazima simu, tunasali kidogo. Simkagui. Yeye husimulia kazi ilivyokwenda na ilivyomgusa, mimi nauliza. Kinachonishinda ni kunyamaza, maana mwanamke mwenye wajukuu kumi na wawili ana jibu la kila kitu.

Siku hiyo Hinewai aliingia na bahasha. Ni msichana wa hapahapa, ana mwaka mmoja kazini, na niliwahi kumwona dukani akipiga magoti kumfungia kiatu mzee asiyemjua.

"Ni barua ya kuacha kazi, Bibi. Usiifungue kwanza."

"Sijaigusa. Anza popote unapotaka."

"Ni ile nyumba ya Mama Kararaina." Mjukuu wa Kararaina, Te Ao, ana miezi miwili, na alikuwa haongezeki uzito. "Zulia lao nene, mizani inayumba. Nikatafuta mahali pagumu palipo sawa." Akafumba macho. "Nikampimia juu ya meza ya kulia. Bila nepi."

Kwetu makalio hayakai mezani pa chakula, hata ya mtoto wa juzi.

"Na nimelelewa hivyohivyo," akasema. "Mama angenitandika kwa mwiko. Miaka mitatu chuoni, nimetoka mjinga kuliko nilivyoingia."

"Dakika ile ulikuwa unasikia nini moyoni?"

"Hofu. Kwamba nimechelewa kuona, mtoto anakonda mikononi mwangu. Nilikuwa natazama namba tu. Nyumba nzima ilitoweka, Bibi."

Ulimi ulikuwa unaniwasha. Nilitaka kumwambia namna ya kuomba radhi, cha kubeba, hata nguo ya kuvaa. Nikanywa maji.

"Kararaina akafanya nini?"

"Alingoja nimalize kumvalisha mtoto. Akampokea, akampa mama yake. Halafu akaondoa kitambaa cha meza, akakikunja kona kwa kona, akaenda kukifua."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Nami nikabeba begi nikatoka." Akafikiri. "Hakunisema mbele ya binti yake. Angeweza." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini tangu siku hiyo mlango wao umefungwa."

"Ulibisha lini?"

Akatazama bahasha. "Sijabisha. Napita na gari, naona pazia, naenda zangu."

"Aha."

"Usiniletee hiyo aha yako."

"Nimesema aha tu, mwanangu."

Akacheka na machozi yakamtoka pamoja, nikamsogezea leso. "Kwa hiyo hakunifukuza. Nimejifukuza mwenyewe, halafu nikaandika barua."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Wewe ungefanya nini?"

"Mimi siijui ile nyumba. Wewe ndiye uliyekaa mle."

"Unanitesa, Bibi. Unajua unanitesa." Akajifuta uso. "Nitaenda leo. Nitasema nimekosa kabla ya lolote. Mizani itabaki garini mpaka mwenyewe aniambie niilete."

Nilimshukuru Mungu kwa yale maji, maana mimi ningemwambia abebe keki. Hakuna keki ambayo ingefaa kama hilo la mizani kubaki garini. Ila bahasha aliondoka nayo, na mchana kutwa nilikuwa nikiiwaza.

Jioni alipita kwangu akiwa na bakuli lililofunikwa kwa sahani: mifupa ya nguruwe na mboga za mtoni, bado moto.

"Ametuma Kararaina. Nimemwambia kuna bibi mmoja ananiuliza maswali."

"Barua?"

"Nimeichana langoni kwake, kabla sijabisha. Niliona nikiingia nayo nitakuwa nimeacha mguu mmoja nje." Akaketi kwenye ngazi. "Nikavua viatu, nikasema nimekosa. Akanivuta tukasalimiana kwa kugusana pua, akaniacha nilie mpaka basi. Halafu akanituma nyuma ya nyumba nikalete ubao."

"Ubao gani?"

"Alimwambia kaka yake aukate siku ileile, aupige randa, uwekwe juu ya zulia chini ya mizani. Siku kumi na tatu umeegemea ukuta unaningoja mimi. Ananiambia, 'Nilidhani utakuja kesho yake. Nimekuandalia chai mpaka nimechoka kuimwaga.'"

"Na mtoto?"

"Ameongezeka gramu mia mbili na themanini. Tena kanikojolea." Alisema hivyo kama mtu aliyepewa zawadi. "Kararaina alinisindikiza mpaka kwenye gari, akashika mlango nisiufunge. Akasema, 'Alhamisi uje tena, mwanangu. Na huyo bibi yako wa maswali mlete naye, nina moja la kumuuliza.'"